Bildi, tanga na skii: shajara ya mradi wetu wa Spitsbergen

11 Februari, Tromsø

Tumekata shauri. Tukijaliwa, tarehe 20 Aprili tunang'oa nanga hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kwenda Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Svalbard, visiwa vya Norwei upande wa Ncha ya Kaskazini, na tutakuwa huko mpaka katikati ya Mei. Chombo ni cha Kapteni: mashua ya alumini ya futi 43, mlingoti mmoja, mkuku wa kupandisha na kushusha. Tuko watano. Kapteni mwenyewe ni Mnorwe aliyekwishavuka miaka sitini, na njia hiyo ameipita mara tisa. Kiongozi wa milima ni mama wa Kifaransa. Daktari ni Mjerumani. Kisha mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekulia hapa Tromsø na kuvaa skii, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea juu ya theluji, kabla hajajua kuogelea. Na mimi, mtoto wa Pangani, niliyejiunga kwa ajili ya bahari.

Safari ya namna hii inakwenda hivi: chombo kinaingia ndani ya hori na kutia nanga, watu wa mlima wanapelekwa ufukweni kwa boti ya mpira, wanapanda kwa skii hadi juu, wanateremka, na jioni wanarudi kulala chomboni. Kwa hiyo kila kitu kinaanza na mahali pa kutia nanga. Mlima uwe mzuri namna gani, kama chini yake chombo hakina pa kukaa, mlima huo si wetu.

Ndiyo sababu mradi una kazi mbili. Ya kwanza ni vilele kumi ambavyo mama wa Kifaransa ameviwekea alama kwenye ramani. Ya pili niliiomba mimi: kupima kina cha maji mbele ya barafuto, ile mito mikubwa ya barafu inayoshuka kutoka milimani hadi baharini. Barafuto za Spitsbergen zinarudi nyuma, na kila zinaporudi bahari inaingia mahali ambapo chati bado inaonyesha barafu. Kapteni alinionyesha mstari wa safari yake ya mwisho kwenye skrini: chombo kimepita juu ya rangi nyeupe ya barafu karibu maili nzima, na hakuna tarakimu hata moja ya kina. Huko kwenye hori la Kongsfjorden kuna mahali panaitwa Blomstrandhalvøya, yaani Rasi ya Blomstrand. Watu waliiita rasi kwa sababu barafuto iliiunganisha na bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barafu ilirudi nyuma vya kutosha, ikaonekana kumbe ni kisiwa. Jina limebaki lile lile.

Nimetoa kwenye sanduku bildi ya marehemu baba, ile ya kushusha baharini kupima kina. Ni risasi ya kilo tatu hivi, chini ina shimo la kutia shahamu, na kamba yake ina fundo kila pima moja na kipande cha kanga kwenye pima ya tano. Baba aliipima kwa mikono yake mwenyewe, kama manahodha wote wa jahazi za Tanga na Pemba walivyofanya, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nimeinyoosha sakafuni na kuipimia tepu: pima ya baba ni mita 1.74.

Kapteni aliuliza kwa heshima bildi ya nini wakati mashine ipo. Nikamweleza. Mashine hupiga sauti chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, na ya kwetu imewekwa ichukulie kwamba sauti hukimbia mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye maji ya chumvi yaliyokaribia kuganda, sauti hukimbia kama mita 1,450 tu. Maana yake mashine inaonyesha kina kikubwa kuliko kilichopo, karibu sentimita 35 katika kila mita 10. Kosa likiwa upande huo ndilo linalopasua vyombo. Kamba haina habari na baridi. Tena mashine haikuambii chini kuna nini, na nanga inataka kujua hilo kwanza.

Amekubali. Bildi inakwenda.

2 Machi, Kvaløya

Mazoezi ya maporomoko ya theluji. Kila mmoja anavaa kifuani kifaa kinachotoa ishara ya kilohezi 457. Mtu akifukiwa, wenzake wanageuza vyao kuwa vya kupokea, wanafuata ishara hadi inapokuwa na nguvu zaidi, wanachoma theluji kwa fimbo ndefu hadi iguse mwili, ndipo wanachimba. Dakika 15 za mwanzo ndizo za kumkuta mtu hai. Baada ya hapo matumaini yanashuka haraka sana.

Mama wa Kifaransa alifukia begi lenye kifaa ndani bila sisi kuona. Mara ya kwanza nililipata kwa dakika 19. Nilikaa chini nikalitazama begi lile. Mpwa wangu akaja akasema, "Mjomba, usiangalie chini, sikiliza kifaa, kisha tembea polepole ukikaribia." Mara ya nne nikafika dakika 7. Nitarudi kila Jumapili hadi tuondoke.

Tumepeleka kwa Gavana wa Svalbard, Sysselmester, taarifa ya safari, bima ya gharama za uokoaji na ombi la kibali cha kubeba bunduki kwa ajili ya dubu. Bunduki ni ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni kukaa mbali. Tangu 1 Januari 2025 sheria inataka mita 300 kati yako na dubu, na mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni, wakati majike wana watoto wadogo. Ukijikuta karibu zaidi ya hapo, wewe ndiye unayeondoka.

9 Aprili, Tromsø

Dizeli ya baridi imejazwa. Chakula cha wiki nne kimepangwa chini ya vitanda. Nimeingiza kilo kumi za unga wa mahindi, maharage, nazi za kopo na pilipili, na hakuna aliyepinga. Jiko la dizeli linalopasha chombo joto lilikuwa likitoa moshi. Kapteni amefungua bomba lake akalikuta limejaa masizi. Limekwisha safishwa.

20 hadi 22 Aprili, Tromsø bado

Tumengoja siku tatu. Kuna kimbunga kidogo cha kaskazini kinazunguka baharini kati yetu na kisiwa cha Bjørnøya, vile vinavyozaliwa ghafla hewa ya barafuni ikishukia maji yenye joto kidogo. Kapteni haangalii kalenda, anaangalia ramani ya hewa asubuhi na jioni, basi. Nimempenda kwa hilo. Baba aliwahi kukaa Wete siku sita na shehena ya karafuu kwa sababu hakupenda mawingu.

25 Aprili, baharini, kaskazini ya nyuzi 73

Tuliondoka juzi saa kumi alfajiri. Upepo wa kusini-magharibi, tanga kuu limekunjwa mikunjo miwili, chombo kinakwenda fundo sita. Zamu ni saa tatu tatu, wawili wawili, na Kapteni yuko macho muda wote.

Usiku uliopita upepo uligeuka ukawa wa omo. Upepo wa kaskazini wa huku si kaskazi yetu inayoleta vyombo kutoka Arabuni. Huu unakuja na baridi ya nyuzi 9 chini ya sifuri, na kila wimbi likiruka juu ya gubeti linaganda kabla halijatiririka. Baada ya saa mbili kamba zilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Uzito ule ukizidi juu, chombo kinaanza kurudi polepole kila kinapolala, na mtu wa bahari anausikia uzito huo kwenye magoti kabla hajauona. Mimi na mpwa tukatoka na nyundo za mbao. Tulipiga kamba za pembeni, tukapiga uzio, tukapiga mnyororo wa nanga, vipande vikianguka baharini, mmoja akipiga na mwingine amemshika mshipi wa usalama. Tulibisha hivyo mpaka alfajiri, kama naweza kuiita alfajiri, maana kiza hakikuingia.

26 Aprili

Bjørnøya imepita upande wa kulia, miamba iliyokatika wima na mawingu juu yake. Hatukusimama. Ndege wengi sana.

28 Aprili, Longyearbyen

Tumefika. Karibu maili 520 za baharini, siku tano na masaa machache. Mji uko nyuzi 78 na dakika 13 kaskazini, na jua halijatua hapa tangu kama tarehe 20. Saa sita usiku watoto walikuwa wanaendesha baiskeli juu ya theluji.

Wenyeji wanaangalia miteremko yao kwa macho ya watu waliofiwa. Tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlima ulio juu ya nyumba, ikabomoa nyumba na kuua watu wawili, mmoja mtoto. Mama wa Kifaransa alitupeleka kuona vizuizi vilivyojengwa mlimani tangu hapo. Hakutoa hotuba yoyote. Alisimama, tukasimama naye.

30 Aprili, Trygghamna

Tumetia nanga ndani ya Trygghamna, kwenye mdomo wa hori la Isfjorden upande wa kaskazini. Jina maana yake Bandari Salama, na wavuvi wa nyangumi wa karne ya 17 waliitumia, wakafuata wawindaji wa Kirusi, Wapomor. Mabaki yao bado yapo ufukweni, na kwa kuwa ni ya kabla ya 1946 yanalindwa kisheria, hatutakaribia. Mlangoni kuna jabali la Alkhornet lenye ndege kwa maelfu, na kelele zao zinafika hadi hapa. Mwisho wa hori kuna barafuto mbili, Kjerulfbreen na Harrietbreen.

Bildi imeshuka mara ya kwanza. Mashine ilisema mita 9.0. Niliipaka shahamu, nikaishusha mpaka kamba ikalegea, nikaivuta kidogo kuhakikisha imesimama wima, nikahesabu mafundo: pima tano, kitambaa cha kanga kikiwa juu ya maji tu. Mita 8.7. Nilimwonyesha Kapteni kalamu na hesabu: tofauti ni ile ile tuliyoitarajia. Alitikisa kichwa, akaenda akabadilisha mpangilio wa mashine.

Shahamu ilileta tope la kijivu, laini kuliko unga, lisilo na harufu wala gamba. Ni mawe yaliyosagwa na barafu. Nililisugua kati ya vidole nikajua nanga itateleza. Na iliteleza: upepo ulioshuka ghafla kutoka kwenye barafuto saa nne usiku ulituburuta urefu wa vyombo viwili. Tope la namna hii ukilivuta mara moja linafunguka kama uji. Mara ya pili tulitoa mnyororo mita 50, tukazima injini, tukaiacha nanga izame kwa uzito wake nusu saa nzima kabla ya kuivuta. Imeshika.

2 Mei, Trygghamna

Leo daktari amebaki chomboni, nimepanda mimi.

Chini ya skii unabandika ngozi, kitambaa chenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Mguu ukienda mbele skii inateleza; ukiukanyaga, manyoya yanashika theluji hairudi nyuma. Gundi yake haipendi baridi. Mpwa wangu akizibandua juu ya mlima anazikunja na kuziingiza ndani ya fulana, zikae kifuani zipate joto la kupandia tena. Nimeona ameifanya bila kufikiri, kama mtu anavyokunja kikoi.

Tulifika kwenye bega la mlima, tukasimama, mama wa Kifaransa akachimba shimo. Akakata nguzo ya theluji upana wa koleo, akaweka koleo juu yake, akaanza kugonga: mara kumi kwa kiganja kutoka kwenye kifundo cha mkono, mara kumi kutoka kwenye kiwiko, mara kumi kutoka begani. Pigo la 13, kipande chote cha juu kikachomoka kikateleza kama droo. Chini yake palikuwa na chembe kubwa zinazong'aa, hazishikani, kama sukari. Akanimiminia kiganjani. Theluji ya Svalbard si nene, upepo unaihamisha na kuigandamiza juu, na chini yake, karibu na ardhi iliyoganda, baridi inaifanya sukari hii. Ule mteremko tuliokuja kwa ajili yake ulikuwa wa nyuzi 35. Akaufuta. Tulirudi kwa njia ya mgongo, chini ya nyuzi 30 mwanzo mwisho.

Kuna jambo moja sitalisahau katika siku ya leo. Nilipogeuka kutazama chini, niliona hori lote, na chombo chetu kama punje ya mchele. Na ndani ya maji, mbele ya Kjerulfbreen, niliona upinde mweupe-kijani, kutoka ukingo hadi ukingo. Kifusi. Barafuto ilipokuwa imefika pale zamani ilisukuma mawe na udongo mbele yake, kisha ikarudi ikaacha tuta chini ya maji. Mwanzoni mwa Mei maji bado masafi, kuyeyuka hakujaanza kuyachafua, ndiyo maana linaonekana. Kutoka chomboni huoni chochote, maji yote ni rangi moja. Kutoka mlimani linasomeka kama mstari wa wino.

Nilimwonyesha mpwa. "Lile ni fungu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, na kama lipo pengo, pengo litakuwa jeusi.

4 Mei, Trygghamna

Nimeandika mengi leo kwa sababu sitaki kusahau mpangilio wake.

Saa tatu asubuhi tuliwashusha watatu upande wa Harrietbreen. Kilele kidogo, mteremko mpole, saa ya kurudi saa nane mchana. Mimi na Kapteni tukabaki. Siku nzuri, shwari, nyuzi 4 chini ya sifuri.

Saa saba kasoro niliona kitu cha rangi ya siagi kuukuu kinatembea ufukweni. Theluji ni nyeupe; dubu wa barafu si mweupe, ana umanjano, na ndivyo unavyomtambua. Alikuwa peke yake. Alifika pale pale tulipowashusha watu, akanusa nyayo zao, akalala.

Kapteni alipima kwa kipimia umbali: mita 380 kutoka kwetu. Kwa hiyo sheria ilituhusu na sisi. Niliita redioni.

"Mpwa, unanipata?"

"Nakupata, Mjomba."

"Msishuke. Dubu yuko mahali pa boti. Mko wapi?"

"Mgongoni, mita mia tatu hivi juu yenu. Tunamwona sasa. Hapana, sisi tuko mbali, ni zaidi ya kilomita."

Mama wa Kifaransa hakutaka kungoja dubu aondoke. Dubu aliyelala anaweza kulala siku nzima, na wingu lilikuwa linashuka kutoka magharibi. Alipendekeza wafuate mgongo wa mlima hadi upande wa pili, wateremkie ufuko ulio mbele ya Kjerulfbreen. Ni ufuko mzuri. Ila uko ndani ya lile tuta, na kwenye chati ni barafu tupu.

Tuling'oa nanga polepole, injini chini kabisa. Dubu aliinua kichwa, akatutazama, akakilaza tena.

Tulipofika mbele ya kifusi Kapteni akasimamisha chombo, akapandisha mkuku, akanitazama. Nikavaa suti ya kuelea, nikaingia kwenye boti ya mpira na bildi, redio nimeifunga shingoni. Nilitangulia mbele yake mita 30. Shusha bildi, hesabu, inua, angalia shahamu, sogea. Pima nne, tope. Pima tatu, tope. Pima mbili, kokoto. Pima moja na nusu, kokoto zenye ncha, na shahamu imechanika. Nikainua mkono, Kapteni akarudisha nyuma.

"Mjomba," redio ikasema, "uko juu ya weupe."

"Najua. Niambie weusi uko wapi."

Kimya kidogo. Nilisikia upepo kwenye redio yake. "Kulia kwako kuna jiwe kubwa ufukweni, limevaa theluji kama kofia. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Kati ya jiwe na weupe kuna njia. Nyembamba. Upana kama vyombo vitatu. Inapinda kidogo kushoto ukishaingia."

Nikaenda kulia. Pima mbili. Pima mbili na nusu. Kisha kamba ikaendelea kushuka mkononi mwangu, fundo la tatu, la nne, la tano, kitambaa cha kanga cha baba kikapita kikazama, na bildi ikasimama kwenye pima sita. Mita 10 na nukta nne. Nikainua: tope la kijivu.

Kapteni hakuelewa neno hata moja tulilosema, ila alifuata mkono wangu. Tuliingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mpwa akiwa juu alisema "kushoto, Mjomba, kushoto, basi," na mimi nikishusha bildi kila mita kumi, na kila aliposema kushoto, kamba ilikubali. Tulipokwisha kuingia ndani kina kilikuwa pima nane na kitu. Tukajiweka mbali na uso wa barafuto, maana kipande kikianguka wimbi lake halina huruma kwa boti ya mpira, tukawangoja.

Walishuka saa tisa na dakika kumi, mistari mitatu iliyopinda pamoja juu ya theluji safi. Mpwa alifika wa mwisho kwa sababu alisimama mara mbili kupiga picha za maji. Aliporuka ndani ya boti alisema "shikamoo, Mjomba" kama vile ameingia sebuleni, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilimwitikia marahaba. Nilikuwa na maneno mengine, hayakutoka, nikamvuta kwenye koti nikamkalisha karibu na injini.

Tulitoka kwa njia ile ile kabla wingu halijafunika. Mistari minne ya vipimo imeingia daftarini.

8 Mei, Forlandsundet

Hori la St. Jonsfjorden ndani limefunikwa na barafu iliyoshikamana na nchi, na sili wamelala juu yake na watoto. Tuligeuka. Vipimo vitatu tu mdomoni. Baadaye tulivuka fungu linalokata mlango huu wa bahari, Forlandsundet, upande wa kaskazini, mkuku ukiwa juu.

11 Mei, Ny-Ålesund

Nyuzi 78 na dakika 55. Kabla ya kufika tulizima intaneti isiyo na waya na Bluetooth kwenye simu zote na saa zote. Kuna vyombo vya utafiti hapa vinavyosikiliza ishara hafifu mno kutoka angani, na kilomita 20 kuzunguka mji zinatakiwa kuwa kimya. Mlingoti wa chuma ambao Amundsen, Ellsworth na Nobile walifungia puto lao Norge mwezi Mei 1926, kabla ya kuruka juu ya Ncha ya Kaskazini hadi Alaska, bado umesimama. Mpwa wangu aliugusa kwa glovu.

13 Mei, Blomstrandhalvøya

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu Februari. Upande wa kusini kuna mabaki ya Ny-London, mahali Mwingereza Ernest Mansfield alipojaribu kuchimba marumaru mwanzoni mwa karne iliyopita. Jiwe lilikuwa limepasuliwa na baridi ya karne nyingi, likawa linavunjika. Mashine zake zinaota kutu pale pale zilipoachwa.

Nilitaka kupita nyuma ya kisiwa, katika mlango uliozaliwa barafu iliporudi. Tuliingia kidogo. Vipande vya barafu vilikuwa vinashuka na mkondo, vikubwa kama daladala, na upepo ukavisukuma upande wetu. Watatu wakashika fito kuvisukuma visiguse usukani. Nilipata vipimo sita, vyote tope, kisha Kapteni akasema inatosha, na ilitosha. Mlango bado uko wazi kwenye daftari langu kama ulivyo kwenye chati.

16 Mei, Longyearbyen

Hali ya mradi. Vilele sita kati ya kumi; vinne vimeachwa, viwili kwa sababu ya theluji ya sukari, kimoja kwa barafu ya hori, kimoja kwa ukungu. Mistari 14 ya kina, na vipimo 93 vya bildi kando ya vile vya mashine. Kazi iliyobaki ni kuondoa kujaa na kupwa kwa maji, ambako hapa hakufiki mita 2, kisha kulinganisha vipimo na picha za mlimani. Lile tuta la Trygghamna tutaliarifu Kartverket, idara ya ramani ya Norwei, pamoja na mahali pengo lilipo.

Mpwa ameninunulia kamba mpya mjini, kisha akaomba aifunge mafundo yeye mwenyewe. Kamba ya baba imeanza kuchakaa pale inapopita mkononi. Amekaa chini ya ngazi jioni nzima, mikono ameitandaza, kamba imenyooshwa kifuani kutoka kidole hadi kidole, fundo, tena, fundo. Kipande cha kanga cha pima ya tano nimekihamisha kutoka kamba ya zamani. Tulipoziweka mbili pamoja, pima yake imeizidi ya babu yake kwa vidole vinne. Nimeandika tofauti hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, ili hesabu za mwaka ujao zisichanganyike.